Brian Piccolo: Alimsaidia Aliyemnyima Namba



Juzi nilikosa nafasi ya kuongoza kwaya, akapewa mwenzangu. Niwaambie ukweli, nilinuna wiki nzima. Mazoezini nilikuwa namvizia tu akosee. Halafu nikasoma maisha ya huyu jamaa, nikaona aibu.

Brian Piccolo alizaliwa 1943 Massachusetts, Marekani, akakulia Florida na kusoma sekondari ya Kikatoliki. Alicheza futiboli ya Kimarekani, ile ya mpira wenye umbo la yai, na kazi yake ilikuwa kuubeba mpira na kukimbia nao. Mwaka 1964, akiwa chuo cha Wake Forest, aliongoza wachezaji wa vyuo Marekani nzima kwa yadi za kukimbia. Lakini siku ya kuchagua wachezaji, timu zote za kulipwa zilimpita. Chicago Bears ndio wakaja kumchukua baadaye.

Huko akamkuta Gale Sayers, anayecheza namba ileile, na Sayers alikuwa moto kweli. Piccolo akawa mtu wa benchi. Mwaka 1967 timu ikawapanga chumba kimoja safarini, Mzungu na Mweusi, jambo ambalo Bears hawakuwa wamelifanya kabla.

Novemba 1968 Sayers akaumia goti vibaya. Namba ikawa ya Piccolo. Angeweza kuomba kimoyomoyo goti lisipone. Badala yake alimsukuma mwenzake afanye mazoezi mpaka akarudi uwanjani, na mwaka 1969 Sayers akaongoza ligi nzima kwa yadi 1,032.

Novemba hiyo ya 1969 Piccolo akaanza kukosa pumzi katikati ya mechi, akaomba kutoka. Kumbe ni saratani kifuani. Mei 1970 Sayers alipewa tuzo ya mchezaji jasiri, akawaambia watu ukumbini kwamba anayeistahili ni Piccolo. Tarehe 16 Juni Piccolo akafariki, miaka 26 tu, akaacha mke na mabinti watatu. Sayers alikuwa kati ya waliobeba jeneza.

Basi Jumamosi nitawahi mazoezini, nimsaidie yule mwenzangu kufundisha sauti ya besi. Bado inaniuma kidogo, siwadanganyi. Na wewe je, nani kapewa nafasi uliyoitaka? Mtaje kwa jina kwenye rozari yako usiku wa leo.

Ee Bwana, utuondolee wivu, utufundishe kufurahia mema ya wenzetu. Amina.