Kijana na Shule ya Maofisa

Wiki hii alitujia ofisini kijana mmoja, mwanafunzi wa chuo, mwana wa mfanyakazi, akitaka shauri letu. Amesikia kwamba jeshi lachukua wanafunzi ili wafundishwe uofisa. Moyo wake wavutwa, lakini mama yake hataki. Hatukuwa na haki ya kumwamulia. Tulimsimulia maisha ya Thomas Sankara, na kwa kuwa vijana wenye swali lake si haba, twayasimulia tena hapa.

Sankara alizaliwa tarehe 21 Desemba 1949 huko Yako, katika nchi iliyoitwa Volta ya Juu, ambayo leo ni Burkina Faso. Baba yake alipata kutumikia jeshi la Wafaransa. Wazazi wake walikuwa Wakatoliki, nao walitumaini kwamba mtoto wao mwerevu angeingia seminari. Sisi tuliosomeshwa na wamisheni twaujua vema uzito wa tumaini hilo. Yeye hakulifuata, alikwenda sekondari mjini Bobo-Dioulasso, akatamani kuwa daktari. Fedha za masomo hayo hazikupatikana.

Mnamo Januari 1966 vyama vya wafanyakazi viligoma, serikali ya Maurice Yaméogo ikaanguka, na jeshi likashika madaraka. Mwaka huo huo zilitangazwa nafasi katika shule ya kijeshi ya Kadiogo, Ouagadougou, na Sankara, asiyetimiza bado miaka 17, akashinda mtihani. Basi hakwenda kwa kupenda bunduki. Mlango huo ndio uliokuwa wazi kwa mtoto asiye na mali. Hatuoni aibu katika hilo, wala kijana wetu asione.

Hapo Kadiogo alikuwapo mwalimu wa historia, Adama Touré, mtu wa siasa za ukombozi. Baada ya saa za darasa aliwakusanya wanafunzi wachache, akazungumza nao juu ya ukoloni, na juu ya sababu za mkulima kuwa maskini katika nchi aliyoilima mwenyewe. Gwaride humfundisha kijana kutii upesi. Mwalimu huyu aliwafundisha kuuliza amri yatoka wapi na inamfaa nani.

Kisha Sankara alipelekwa chuo cha maofisa cha Antsirabe, kisiwani Bukini, yaani Madagaska. Huko, pamoja na mambo ya vita, alijifunza kilimo na kusoma vitabu vingi. Mwaka 1972 aliona kwa macho yake wanafunzi na wafanyakazi wakijaa barabarani hata Rais Tsiranana akaacha utawala. Kozi yake ilipokwisha hakukimbilia nyumbani kuonyesha nyota za mabegani. Aliomba mwaka mmoja zaidi, akautumia pamoja na vikosi vilivyokwenda vijijini kuwasaidia wakulima. Kwa maoni yetu, mwaka huo ndio uliomfanya ofisa.

Alirudi kwao mwaka 1973. Vita vya mpakani na Mali mwaka 1974 vilimpatia sifa, lakini baadaye mwenyewe alivihesabu kuwa vita visivyo na haki. Tangu 1976 aliongoza kituo cha mafunzo ya makomando huko Pô, akashikilia kwamba askari asiye na elimu ya siasa aweza kugeuka mhalifu wakati wo wote.

Mengine yajulikana. Tarehe 4 Agosti 1983 makomando wa Pô, wakiongozwa na rafiki yake Blaise Compaoré, walimtia madarakani. Mwaka uliofuata watoto zaidi ya milioni mbili walichanjwa kwa muda wa siku chache tu, na magari ya fahari ya mawaziri yakauzwa. Twayasifu hayo kwa moyo mweupe. Lakini gazeti la wafanyakazi halina ruhusa ya kuficha nusu ya pili: mwaka huo huo wa 1984 walimu waliogoma, zaidi ya 1,000, walifukuzwa kazi, na kundi la kisiasa la Adama Touré, mwalimu wake wa zamani, likaondolewa serikalini. Yule aliyefundishwa kuuliza maswali alikuwa amekwisha kuwa mtoaji wa amri, na aliyeingia kwa bunduki hakuwa na kura ya kumwonyesha mgomaji.

Tarehe 15 Oktoba 1987 makomando walimpiga risasi pamoja na wenzake 12. Alikuwa na miaka 37. Compaoré akatawala mpaka mwaka 2014, wananchi walipomwondoa, na mwezi Aprili 2022 mahakama ya kijeshi mjini Ouagadougou ilimhukumu kifungo cha maisha, mwenyewe akiwa hayupo. Yeye pia alikuwa ofisa aliyehitimu chuoni.

Kijana wetu alisikiliza mpaka mwisho. Tulimshauri kwamba, kabla ya kutia sahihi karatasi yo yote, aende akaulize ni nani afundishaye historia katika shule hiyo, kisha arudi kwa mama yake wazungumze.