Samuel Colt: Tajiri wa bastola aliyeiacha kampuni yake nje ya mlango

Leo tuweke siasa pembeni kidogo tuongelee historia.

Wale tuliokulia kwenye vibanda vya video tunamjua Clint Eastwood kuliko tunavyowajua baadhi ya wajomba zetu. Kwenye ile sinema ya mwaka 1966, The Good, the Bad and the Ugly, jamaa anatembea na bastola ya Colt Navy ya 1851, na risasi anazoijaza ni zile za shaba zenye ganda. Hapo ndipo penye kasheshe. Sinema inaonyesha mambo ya mwaka 1862, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe kule Marekani. Mwaka ule kiwanda cha Colt kilikuwa hakijauza bastola hata moja ya kula risasi za ganda! Mwenye jina lenyewe, Samuel Colt, alifariki Januari ya mwaka huohuo bila kuiona.

Kwa nini? Ni kisa cha mtu aliyetajirika kwa sababu ya karatasi moja ya serikali, halafu karatasi nyingine ya namna hiyohiyo ikaja kuifungia kampuni yake mlango. Vuta kiti.

MTOTO WA HARTFORD

Colt alizaliwa tarehe 19 Julai 1814 mjini Hartford, jimbo la Connecticut. Baba yake, Christopher, alikuwa mfanyabiashara ambaye mambo yalimwendea kombo. Mama yake, Sarah, alifariki kwa kifua kikuu Sam akiwa hajafikisha miaka 7. Alipofika miaka 11 akapelekwa kufanya kazi kwenye shamba la watu.

Dogo alikuwa mtundu wa baruti. Tarehe 4 Julai 1829, sikukuu ya uhuru wao, alitangaza kwamba atalipua chelezo katikati ya bwawa kwenye mji wa Ware, Massachusetts. Watu wakaja na nguo zao za sikukuu. Mlipuko ukatokea kweli, lakini chelezo wapi! Kilichoruka ni maji na matope, umati mzima ukaloa. Inasimuliwa kwamba aliyemkinga na hasira za wananchi ni fundi kijana mmoja aitwaye Elisha Root. Lishike hilo jina, tutakutana nalo mbele. Mwaka uliofuata sherehe kama hiyo ikasababisha moto shuleni kwao Amherst, na masomo yakaishia hapo.

Baba akaona bora ampeleke baharini. Mwaka 1830 Sam akapanda jahazi kubwa liitwalo Corvo kutoka Boston hadi Calcutta, India. Humo ndani ndimo alimochonga kwa mbao mfano wa bastola yake. Mwenyewe alikuja kusimulia kwamba wazo alilipata kwa kutazama usukani wa meli, jinsi unavyozunguka na kukazwa mahali pamoja. Tusidanganyane, bunduki zenye silinda ya kuzunguka zilikuwepo kabla yake. Ila ya Colt, ukivuta nyundo nyuma kwa kidole gumba, silinda inazunguka yenyewe na kujifunga sawasawa na mtutu. Huo ndio ulikuwa ujanja wenyewe.

DAKTARI WA KUCHEKESHA

Wazo analo, mtaji hana. Akafanyaje? Akajipachika jina la Dokta Coult wa Calcutta, akazunguka mji kwa mji akiwavutisha watu hewa ya kuchekesha, nao wanalipa kiingilio! Hela hizo zikaenda kwa fundi wa bunduki John Pearson wa Baltimore, aliyemtengenezea bastola za majaribio. Udaktari wake ulikuwa wa jina tu, lakini kiingilio kilikuwa cha kweli.

Mwaka 1835 akapata hataza Uingereza, na tarehe 25 Februari 1836 akaipata ya Marekani. Hataza, kwa wasioijua, ni hati ya serikali inayompa mgunduzi haki ya peke yake kwa miaka fulani. Mtu mwingine akitengeneza kitu kile, mnakutana mahakamani.

Kiwanda cha kwanza kikafunguliwa Paterson, New Jersey, mwaka huohuo wa 1836. Bastola zilikuwa za risasi tano, zikauzwa kidogo kwa jeshi lililokuwa likipigana na Waseminole kule Florida, na nyingine Texas. Lakini bei ilikuwa juu na wateja wachache. Mwaka 1842 kampuni ikafa. Na huo ulikuwa mwaka mbaya kwake kwelikweli, maana kaka yake John, aliyemuua mchapaji mmoja wa New York, alijiua gerezani siku ileile aliyopangiwa kunyongwa. Sam akahamia kwenye mabomu ya chini ya maji na nyaya za telegrafu. Kwa kifupi, alifulia.

WALKER ANABISHA HODI

Kilichomwinua ni vita. Marekani ilipovamiana na Mexico, kapteni Samuel Walker, aliyekuwa amezitumia zile bastola za Paterson huko Texas, akamtafuta Colt. Wakakaa wakairekebisha, ikatoka bastola ya risasi sita, dude lenye uzito wa kilo mbili hivi. Serikali ikaagiza 1,000. Colt hakuwa na kiwanda tena, ikabidi azitengenezee kwenye kiwanda cha Eli Whitney mdogo. Hiyo ni 1847. Walker mwenyewe aliuawa vitani Oktoba ya mwaka huo.

Kuanzia hapo jamaa hakushikika. Akarudi kwao Hartford na kumwajiri yuleyule Elisha Root, kwa mshahara mnono, asimamie mashine. Root ndiye aliyefanya kila kipande kitengenezwe kwa mashine kwa kipimo kimoja, fundi akabakiwa na kazi ndogo ya kukifaa tu. Mwaka 1851 Colt akapeleka bastola zake kwenye maonyesho makubwa ya London, na miaka miwili baadaye akawa na kiwanda hukohuko, ingawa hakikudumu. Mwaka 1855 akamaliza kiwanda kikubwa kando ya mto Connecticut, chenye kuba la buluu lenye nyota na farasi juu yake. Kuna nyumba za wafanyakazi na ukumbi wao. Kazi ilikuwa saa 10 kwa siku.

Nani wa kumgusa? Hakuna, maana hataza ipo. Kampuni moja ya Massachusetts ilijaribu kuleta bastola inayofanana, akaipeleka mahakamani na kushinda mwaka 1851. Hataza ikasogezwa hadi 1857. Alipotaka kuisogeza tena, kamati ya bunge ikachunguza mwaka 1854 habari za wabunge kugawiwa bastola kama zawadi. Naam, takrima si ugunduzi wa kwetu! Safari hiyo alikataliwa.

NDUGU WA GOBORE

Sasa tuelewane kuhusu bastola zenyewe. Zote alizouza Colt maishani mwake, zinazotajwa kufika 400,000, zilikuwa ndugu wa gobore. Unamimina baruti kwenye kila tundu la silinda kwa mbele, unaweka risasi ya duara, unaishindilia kwa mkono wa chuma ulio chini ya mtutu. Ukimaliza unageuza nyuma na kuvika fataki kwenye kila kichuchu cha chuma. Nyundo ikigonga fataki, cheche inaingia, baruti inawaka.

Zikiisha sita, unaanza upya, huku adui anakuja! Mvua nayo ikiingia kwenye baruti umekwisha. Wakati mwingine moto unarukia tundu la jirani, risasi mbili zinatoka kwa mpigo. Na fataki zikishapasuka, vipande vyake vinadondokea kwenye mashine na kuikwamisha.

Dawa ya yote hayo ilikuwa risasi ya ganda, yaani fataki, baruti na risasi vyote kwenye kopo moja la shaba. Lakini kopo hilo linataka silinda iliyotobolewa moja kwa moja, mbele mpaka nyuma.

Hapo ndipo anaingia Rollin White, fundi aliyewahi kufanya kazi kiwandani kwa Colt. Tarehe 3 Aprili 1855 White alipata hataza ya silinda iliyotobolewa hivyo. Inasimuliwa kwamba alimpelekea bosi wazo lile, bosi akalipuuza. Lililo wazi kwenye kumbukumbu ni kwamba Novemba 1856 White aliingia mkataba na jamaa wawili, Smith na Wesson, wamlipe senti 25 kwa kila bastola. Hataza ya Colt ikaisha 1857, na mwaka uleule Smith na Wesson wakatoa bastola yao ya kwanza ya risasi za ganda. Ilikuwa ndogo, ya kutia mfukoni, lakini mlango ulishafungwa. Colt hakuruhusiwa kupita.

Mwenyewe sidhani alijali sana. Mwaka 1856 alimuoa Elizabeth Jarvis, wakajenga jumba la Armsmear, oda zikamiminika. Kabla vita vya wenyewe kwa wenyewe havijaanza mwaka 1861 aliuza Kaskazini na Kusini kwa pamoja, hata kwenye majimbo yaliyokuwa yakijiandaa kupigania utumwa. Waseminole, Wamexico na Wahindi Wekundu waliofukuzwa kwenye ardhi zao walikuwa wameshaonja kazi ya mikono yake. Haya yote yaandikwe kwenye daftari moja na ule utajiri.

Gauti ikamsumbua, na tarehe 10 Januari 1862 akafariki akiwa na miaka 47. Alimwachia mkewe mali inayokadiriwa kufika dola milioni 15 za wakati ule. Watoto wao walikuwa wanakufa wachanga, ni Caldwell tu aliyekua hadi utu uzima.

CHUMA CHA ZAMANI, SILINDA MPYA

Februari 1864 sehemu kubwa ya kiwanda ikaungua. Elizabeth akakijenga upya. Mama alikuwa chuma yule! Lakini hataza ya White ilikuwa bado inabana. Kampuni ya Remington ilikubali yaishe mwaka 1868, ikawalipa Smith na Wesson ili igeuze bastola zake zaidi ya 4,500. Kampuni ya Colt ikajaribu kukwepa kwa risasi ya kuingizia mbele, ubunifu wa fundi Thuer, lakini haikuvuma.

Tarehe 3 Aprili 1869 hataza ikaisha. White akaomba bunge limwongezee muda, na mwaka 1870 Rais Grant akaupiga chini mswada huo. Maskini White naye, fedha nyingi ziliishia kwenye kesi, maana mkataba ulimtaka ailinde hataza mwenyewe.

Kiwandani Hartford kulikuwa na marundo ya vipuri vya kizamani. Mafundi Charles Richards na William Mason wakavigeuza. Silinda inakatwa nyuma kule kwenye vichuchu, pengo linazibwa na bamba lenye kijilango cha kuingizia risasi. Mkono wa kushindilia unatolewa, pale inawekwa fimbo ya kusukumia maganda nje. Maelfu ya bastola zikapata maisha ya pili. Mwaka 1873 ikaja ile Colt mpya kabisa tunayoiona kwenye sinema nyingi, miaka 11 baada ya mzee kuzikwa.

Na mchezo haujaisha! Mwaka 1959 Aldo Uberti alianzisha kiwanda kule Gardone Val Trompia, Italia, kutengeneza nakala za Colt za zamani kwa ajili ya Wamarekani waliokaribia kuadhimisha miaka 100 ya vita vyao. Hadi leo Uberti na Pietta wanazitoa, na wapo wanaouza silinda za kugeuzia. Sharti lake ni fremu ya chuma cha pua au chuma cha kawaida, maana ya shaba haihimili, na risasi ziwe za nguvu ndogo. Hata saizi inasumbua. Mtutu wa ile Navy ni mpana kuliko risasi za siku hizi zinazoitwa .38, hivyo wapigaji hutumia risasi yenye kitako chenye uwazi, inayotanuka na kuushika mtutu.

Usafi nao ni ibada. Masizi ya baruti nyeusi yananyonya unyevu, chuma kinaota kutu haraka. Siku hiyohiyo unagonga kabari, unatoa mtutu na silinda, unaosha kwa maji ya moto na sabuni, unakausha, unapaka mafuta. Ganda limeondoa vipande vya fataki, lakini ukilijaza baruti nyeusi, masizi ni yaleyale, na maganda yenyewe nayo yanaoshwa. Mwenye gobore kijijini atanielewa.

Ninachokiona mimi ni hiki wadau. Colt aliijua nguvu ya hataza kuliko mtu yeyote wa zama zake. Aliitumia kuwaweka wengine nje kwa miaka 21. Halafu fundi aliyepita kiwandani kwake akachukua hataza ya tundu tu, tundu lililopita moja kwa moja, na kampuni kubwa kuliko zote ikakaa nje miaka 12. Wewe mwenye wazo lako hapo kwenye kompyuta ya kulipia kwa saa, usilidharau kwa sababu ni dogo. Ila ukiingia mkataba, usome mpaka mstari wa mwisho, yasikukute ya White.

Je, Colt alikuwa mjanja, au ni vita tu vilivyombeba? Uwanja ni wenu, tiririkeni.