Ngugi wa Mirii: Mwalimu wa ngumbaru aliyejenga jukwaa Kamirithu

JINA la Ngugi linapotajwa katika fasihi ya Kenya, aghalabu wasomaji humkumbuka mtu mmoja tu, Profesa Ngugi wa Thiong'o, aliyeaga dunia Mei 28, 2025 nchini Marekani. Ilhali kwenye jalada la tamthilia ya Ngaahika Ndeenda, ambayo iliitikisa serikali mwaka 1977, yameandikwa majina ya akina Ngugi wawili. Wa pili ni Ngugi wa Mirii, ambaye wengi humpita kana kwamba jina lake ni kosa la mpigachapa.

Huyo wa pili hakuwa profesa wala mwandishi wa riwaya. Alikuwa mwalimu wa watu wazima. Lakini bila yeye, na bila darasa la ngumbaru alilolisimamia katika kijiji cha Kamirithu, ni vigumu kuona jinsi tamthilia hiyo ingepata watu wa kuiigiza.

Ngugi wa Mirii alizaliwa mwaka 1951 huko Roromo, Limuru. Ukitoka katikati ya jiji la Nairobi kuelekea magharibi, unapita Westlands, Kangemi na Uthiru kabla ya kupanda hadi kwenye baridi na mashamba ya majani chai ya Limuru. Mwendo wenyewe ni wa kilomita 30 hivi. Katika miaka hiyo, hata hivyo, umbali kati ya kumbi za jiji na vijiji vya Limuru haukupimwa kwa kilomita.

Alisomea Ngenia, shule ya sekondari iliyo huko huko Limuru, kisha mwaka 1972 akaajiriwa na shirika la posta na simu. Hakukaa sana. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Nairobi kusomea diploma ya elimu ya watu wazima, na baadaye akafanya kazi katika taasisi ya taaluma za maendeleo ya chuo hicho. Hapo ndipo alipozama katika mawazo ya Paulo Freire, mwalimu wa Brazil aliyeshikilia kwamba mtu mzima hafundishwi kusoma kama mtoto anayekaririshwa herufi, bali huanza na maneno yanayogusa riziki yake: shamba, mshahara, deni, maji.

Kamirithu palikuwa mahali pafaapo kuyajaribu mawazo hayo. Kijiji hicho kilizaliwa katika Hali ya Hatari, miaka ya hamsini, wakoloni walipowahamisha watu kutoka kwenye makao yao yaliyotawanyika na kuwarundika pamoja ili wasiwape chakula wapiganaji wa Mau Mau msituni. Uhuru ulipokuja, kijiji kilibaki. Kufikia miaka ya sabini kilikuwa na zaidi ya watu 10,000. Vibarua wa mashamba ya chai, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata, wachuuzi, wakulima wa vijishamba visivyotosha, na vijana wengi wasio na kazi. Katikati yake palikuwa na kiwanja cha ekari nne kilichotengewa vijana, na juu yake kibanda kilichochakaa.

Mapema mwaka 1976, mama mmoja wa kijiji alimwendea Ngugi wa Thiong'o, aliyekuwa mkuu wa idara ya fasihi chuoni, na kumsihi aje wasaidiane kukifufua kituo hicho. Alirudi Jumapili baada ya Jumapili mpaka msomi huyo akakubali. Kamati ikaundwa ya wakulima, wafanyakazi na walimu, na Ngugi wa Mirii, kijana wa miaka 25 hivi, ndiye aliyeongoza kazi ya masomo.

Darasa la kwanza lilianza Julai 1976. Kufikia mwisho wa mwaka, wazee kwa vijana waliokuwa wakiweka alama ya kidole badala ya sahihi walikuwa wakiandika barua na kusimulia maisha yao kwa maandishi. Yaliyojitokeza katika mijadala ya darasa hilo, yaani ardhi, mishahara, madeni na kanisa, ndiyo yaliyokuja kuwa kiunzi cha tamthilia. Kituo kiliwaagiza akina Ngugi hao wawili waandike mchezo kwa Kikuyu, lugha ya darasa lenyewe.

Rasimu ilikuwa tayari Aprili 1977. Ni kisa cha Kiguunda, kibarua mwenye ekari moja na nusu na hatimiliki aliyoitundika ukutani kwa fahari. Tajiri Ahab Kioi anamshawishi yeye na mkewe Wangeci wafunge ndoa ya kanisani, na ili kulipia sherehe, Kiguunda anaweka shamba lake rehani benki. Bintiye, Gathoni, anatungwa mimba na mtoto wa tajiri na kukataliwa. Mwishowe shamba linanadiwa, na Kioi huyo huyo ndiye anayelitwaa.

Waandishi walipoisoma rasimu hiyo mbele ya wanakijiji, walikosolewa vikali. Wazee waliwarekebisha methali na namna mzee anavyopaswa kuzungumza mbele ya mwenzake. Wafanyakazi wa kiwandani walieleza hatua kwa hatua jinsi kazi inavyofanyika na kupiga hesabu ya kile wanacholipwa dhidi ya kile wanachozalisha. Bikizee mmoja asiyejua kusoma alitoa nyimbo za gitiiro, zile za majibizano ya posa. Mpaka mazoezi yakianza mwezi Juni, si rahisi kusema ni maneno mangapi yalikuwa ya waandishi na mangapi ya kijiji. Kwa mwalimu wa mfumo wa Freire, huo ulikuwa ushindi na wala si aibu.

Wakati mazoezi yakiendelea peupe, kila mpita njia akitazama na kutoa maoni, vijana walianza kujenga ukumbi. Walipanga vijiti vya kiberiti ardhini, wakatengeneza kielelezo kidogo, kisha wakajenga jukwaa lenye umbo la nusu duara, ukuta wa mianzi nyuma yake, na viti vya kutosha watu zaidi ya 2,000. Hakukuwa na paa. Mwelekezi alikuwa Kimani Gecau, mhadhiri wa fasihi.

Hapa yafaa kukumbuka hali ya jijini. Ukumbi wa Kitaifa wa Maonyesho, uliofunguliwa mwaka 1952 enzi za ukoloni, ulikuwa bado ukitawaliwa na michezo ya Kizungu zaidi ya muongo mmoja baada ya uhuru. Mwaka 1976, tamthilia ya The Trial of Dedan Kimathi ilipata siku chache tu jukwaani humo baada ya mvutano mkubwa na wasimamizi. Ndipo wanakijiji wasio na shilingi wakajijengea ukumbi wao wenyewe.

Ngaahika Ndeenda ilifunguliwa Oktoba 2, 1977, ikawa inaigizwa Jumamosi na Jumapili alasiri ili vibarua wapate nafasi. Watu walikuja kwa matatu na mabasi ya kukodi kutoka vijiji vya mbali. Wanakijiji walisema kwamba katika miezi hiyo ya mazoezi ulevi ulipungua, kwa kuwa watu walikuwa na jambo jingine la kufanya jioni. Lakini Novemba 16, 1977, serikali iliondoa kibali cha maonyesho. Mchezo ulikuwa umeishi majuma sita na ushei.

Usiku wa kuamkia Desemba 31, polisi walimchukua Ngugi wa Thiong'o. Alizuiliwa bila kushtakiwa katika gereza la Kamiti hadi Desemba 12, 1978, miezi kadhaa baada ya kifo cha Mzee Jomo Kenyatta. Ngugi wa Mirii hakuwekwa kizuizini. Labda wakuu waliamini kwamba wakiutoa ubongo, mwili utalala. Kama ndivyo, walikosea kuhusu ni nani aliyekuwa akikusanya watu kila jioni, maana kituo hakikufa. Mwaka 1980 tamthilia ilichapishwa kwa Kikuyu, na miaka miwili baadaye ikatoka kwa Kiingereza, na pia kwa Kiswahili kwa jina Nitaolewa Nikipenda.

Mwishoni mwa 1981 kikundi kilirudi na mchezo wa muziki, Maitu Njugira, uliotungwa na Ngugi wa Thiong'o kuhusu sheria za kipande za miaka ya thelathini na wenye nyimbo za makabila mbalimbali ya Kenya. Safari hii walikusudia kuupeleka katikati ya jiji, Ukumbi wa Kitaifa, Februari 19, 1982. Siku ilipofika, waigizaji kutoka Limuru walikuta milango imefungwa na polisi wakiwa wamesimama nje. Kibali hakikutolewa wala hakikukataliwa. Hakukuwa na jibu lolote.

Walihamia ukumbi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ulio karibu na hapo, wakafanya mazoezi huku milango ikiwa wazi. Yalikuwa mazoezi kwa jina tu. Kila jioni ukumbi ulifurika, watu wakajaa ngazini na madirishani, na inakadiriwa kuwa kati ya watu 12,000 na 15,000 waliutazama mchezo huo kabla ya chuo kuamriwa kuwafungia mlango.

Machi 11, 1982, serikali ilifuta usajili wa kituo cha Kamirithu. Siku iliyofuata malori matatu ya polisi wenye silaha yaliingia kijijini na ukumbi ukabomolewa, mianzi, viti na vyote. Baadaye chuo cha ufundi cha vijana kilijengwa mahali hapo.

Ngugi wa Thiong'o alikuwa London mwaka huo kuzindua kitabu, akaonywa asirudi. Ngugi wa Mirii na Kimani Gecau hawakuwa na mchapishaji ng'ambo wa kuwapokea. Walikimbilia Zimbabwe, nchi iliyokuwa na umri wa miaka miwili.

Huko Ngugi wa Mirii alianza upya kazi ile ile. Aliajiriwa na ZIMFEP, shirika lililoendesha shule za watoto waliorejea kutoka kambi za wakimbizi baada ya vita vya ukombozi, zilizochanganya masomo na uzalishaji. Mwaka 1983 alishiriki warsha kubwa ya Kiafrika ya maigizo ya maendeleo huko Murewa, na katika muongo huo akawa mhimili wa chama cha maigizo ya jamii cha Zimbabwe, ZACT, kilichoviunganisha vikundi vya mitaa ya wafanyakazi na vya vijijini. Vikundi ambavyo havikuwa na ukumbi viliigiza viwanjani na kwenye baa. Mbegu iliyong'olewa Limuru ilikuwa imeota Harare, na ikazaa kwa wingi ambao Kamirithu haikupewa nafasi ya kuufikia.

Alichukua uraia wa Zimbabwe na baadaye akaongoza kampuni ya maonyesho ya Visions of Africa. Miaka hiyo ya mwisho si myepesi kuisimulia. Ngugi wa Mirii aliunga mkono hadharani mpango wa serikali ya Rais Robert Mugabe wa kutwaa mashamba ya walowezi, na kwa mtu aliyeandika kisa cha Kiguunda na ekari yake moja na nusu, msimamo huo haukuwa wa kushangaza. Lakini serikali hiyo hiyo ilikuwa ikiwabana wasanii waliothubutu kuikosoa, kwa mbinu ambazo yeye alizifahamu tangu Februari 1982. Wapo wasanii wa huko walioona kwamba chama chake kilikaa karibu mno na wakuu. Lawama hiyo haiwezi kufutwa kwa sababu tu aliyelaumiwa aliwahi kudhulumiwa kwao.

Aliaga dunia Mei 3, 2008 katika ajali ya barabarani jijini Harare.

Mei 2022, miaka 45 baada ya onyesho la kwanza, Ngaahika Ndeenda iliigizwa katika Ukumbi wa Kitaifa, Nairobi, na kikundi cha Nairobi Performing Arts Studio chini ya mwelekezi Stuart Nash. Siku nyingine iliigizwa kwa Kiingereza, siku nyingine kwa Kikuyu, na watu walilipa kiingilio na kupita katika milango ile ile iliyofungiwa watu wa Kamirithu. Kati ya waandishi wake wawili, mmoja alikuwa akiishi Marekani. Mwingine alikuwa amefariki miaka 14 kabla, akiwa raia wa nchi nyingine.