August Hermann Francke na Meza ya Wanafunzi Maskini

Kijana akisomeshwa kwa mali ya watu wengine, je, elimu aipatayo ni yake peke yake? Jambo hili husumbua mioyo ya wazazi na ya wazee wa sharika nyingi. Kwa hiyo tumeona vema kuwaeleza habari za August Hermann Francke, mchungaji wa Ujerumani, ambaye yeye mwenyewe alisomeshwa kwa msaada, kisha akawasomesha wengine wengi.

Francke alizaliwa katika mji wa Lübeck mwaka 1663. Baba yake alikuwa mtu wa sheria, akafa mwaka 1670, mtoto akiwa na miaka saba tu. Hata alipokua, alisoma katika vyuo vikuu vya Erfurt, Kiel na Leipzig. Gharama ya masomo ilitoka katika mali ya wakfu iliyowekwa kwa kusomesha vijana wa uchungaji, na msimamizi wake alikuwa mjomba wake. Kiebrania na Kiyunani alivijua sana, na watu walimsifu.

Mwaka 1687 alipelekwa Lüneburg ili azidi kujifunza Maandiko. Huko aliombwa kuhubiri, na fungu alilolichagua lilikuwa la Injili ya Yohana, lihusulo imani. Alipokuwa akiitengeneza hotuba yake aliona ya kwamba imani ile atakayowafundisha watu hakuwa nayo moyoni. Akafadhaika sana. Akapiga magoti usiku, akamwomba Mungu, na shaka ikamtoka. Tangu hapo aliihesabu elimu yake kuwa kitu kidogo, isipokuwa imfae mwenzake.

Basi akarudi Leipzig akafundisha Biblia, nao wanafunzi wakamfuata kwa wingi, hata wakubwa wakamkataza. Mwaka 1690 alifanywa mchungaji Erfurt, lakini mwaka uliofuata akafukuzwa mjini. Ndipo mwaka 1692 alipopewa usharika wa Glaucha, kando ya mji wa Halle, pamoja na kazi ya ualimu katika chuo kikuu kipya cha Halle, kilichofunguliwa rasmi mwaka 1694.

Huko Glaucha alikuta njaa mbili. Watoto wa maskini walikuja mlangoni kwake kuomba mkate, na alipowauliza mambo ya dini, hawakujua neno, kwa kuwa wazazi wao hawakuweza kulipa ada ya shule. Tena katika chuo kikuu walikuwamo vijana wenye akili ambao hawakuwa na chakula cha kutosha. Watoto walikosa mwalimu, na wale walioweza kuwafundisha walikosa mkate.

Siku za Pasaka mwaka 1695 alifungua kisanduku cha sadaka kilichokuwa nyumbani mwake, akakuta talari 4 na groshi 16, zilizotiwa na mtu mmoja. Talari moja ilikuwa groshi 24. Mtu mwingine angezigawa siku ile ile zikaisha. Francke alinunua vitabu 27 kwa talari 2, akamwajiri mwanafunzi mmoja maskini afundishe watoto saa mbili kila siku kwa groshi 6 kwa juma. Tukipiga hesabu, fedha iliyobaki haikutosha hata miezi mitatu. Tena watoto walichukua vile vitabu wakaenda navyo, vikarudi vinne tu. Lakini hakukata tamaa; akanunua vingine.

Mwaka ule ule alipata talari 500 kwa ajili ya maskini, hasa wanafunzi. Kwanza aliwagawia wanafunzi groshi chache kila juma. Baadaye aliona kuwa chakula kitawafaa kuliko fedha mkononi. Akaandaa meza, na mwaka 1696 wanafunzi 24 walikula pale bila malipo. Katika hao akachagua walimu wa shule ya maskini. Hivyo kijana alisikiliza masomo yake ya chuo, akala, na kwa saa kadhaa akafundisha watoto. Sadaka moja ilishibisha njaa zote mbili.

Wala Francke hakudhani ya kuwa kila ajuaye kitabu ajua kufundisha. Aliweka wasimamizi wa kuwaangalia vijana wale na kuwaonya. Mwaka 1707 akafanya chuo maalumu cha walimu: waliochaguliwa walitunzwa na kufundishwa miaka miwili, nao kwa ahadi walifundisha katika shule zake miaka mitatu. Ahadi hiyo ilijulikana kabla kijana hajaupokea msaada.

Matunda yalionekana upesi. Mwanafunzi Neubauer alitumwa Uholanzi kujifunza habari za nyumba za yatima, akarudi kusimamia ujenzi wa nyumba kubwa iliyoanzwa mwaka 1698. Elers alianza kwa kuuza hotuba moja ya Francke juu ya meza ndogo sokoni Leipzig, na biashara ile ikawa duka kubwa la vitabu, ambalo faida yake iliwalisha yatima. Ziegenbalg na Plütschau, waliosoma Halle, walifika Tranquebar katika Bara Hindi mwaka 1706 kuhubiri Injili.

Hatusemi ya kwamba alikuwa mtu asiye na kasoro. Katika shule zake michezo ya watoto ilikatazwa, na sisi twaona ulikuwa mzigo mzito kwa wadogo. Tena wachungaji wa Halle walimshitaki. Mwaka 1700 serikali ikatuma wachunguzi, nao hawakuona hila katika kazi yake.

Francke alifariki tarehe 8 Juni 1727. Wakati ule watoto zaidi ya 2,000 walisoma katika shule zake, na wanafunzi wa chuo kikuu zaidi ya 200 walikula mezani pake. Majengo yake yangaliko Halle hata leo.

Basi, ninyi wazee mnaokusanya fedha za kumsomesha kijana wa usharika, mwambieni mapema ni kazi gani inayomngojea, na ni watu gani. Msingoje mpaka amalize, maana atakuwa amekwisha kujizoeza kuishi kwa ajili yake mwenyewe. Mpeni tangu sasa watoto wachache awafundishe wakati wa likizo. Nawe kijana uliyeipokea sadaka ile, kumbuka ya kuwa aliyeitia kisandukuni huenda hajui kusoma, naye anakungoja.