William Ernest Taylor: Mhifadhi wa Muyaka na Ua Lililomponyoka

Mwanafunzi wa Kiswahili anapolisikia jina la Funzi, kisiwa kilichoko kusini mwa Msambweni katika pwani ya Kwale, aghalabu hukumbuka lahaja ya Chifundi, ambayo H. E. Lambert aliichapishia kitabu mwaka 1958. Vivyo hivyo, analisikia jina la W. E. Taylor na kumkumbuka Muyaka bin Haji pamoja na tungo za Mombasa. Ni nadra majina hayo kuhusishwa na mimea. Hata hivyo, Taylor huyo huyo alikuwa mkusanyaji wa mimea, na milima ya Shimba, iliyoko bara, kaskazini-magharibi ya Funzi, ni miongoni mwa mahali alipoichuma. Maisha yake yanaonyesha jinsi mtu mmoja alivyoweza kuziokoa tungo za mshairi zisipotee, ilhali ua alilolichuma likaja kupewa jina la mtu mwingine.

Taylor alizaliwa Uingereza mwaka 1856. Baada ya masomo yake katika Chuo Kikuu cha Oxford, alijiunga na chama cha wamisionari wa Kianglikana, CMS, na mwaka 1880 akatumwa Mombasa. Lengo la safari yake lilikuwa kueneza dini, wala hakulificha. Lakini alitambua mapema kwamba hawezi kusikilizwa na Waswahili, watu wenye elimu na ushairi wao wa karne nyingi, iwapo atawaendea kwa Kiswahili cha kubabaisha. Kwa hiyo aliamua kujifunza kwa wenye lugha.

Mwalimu wake mkuu alikuwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mtaalamu wa lugha na ushairi wa Mombasa. Muyaka alikuwa amekwisha kufariki tangu mwaka 1840, na tungo zake nyingi zilikuwa zikiishi vinywani mwa watu. Sikujua alizikusanya, akaziandika kwa hati ya Kiarabu na kueleza mazingira yake: nani alikuwa akijibiwa, ni vita gani vilivyokusudiwa, na fumbo lilimlenga nani. Taylor naye alizihamishia katika hati ya Kirumi, akaziongezea maelezo. Alikuwa makini mno na sauti. Alibuni alama za kuzipambanua sauti za Kimvita ambazo hati za wamisionari wenzake ziliziacha, hasa namna mbalimbali za kutamka t. Mwaka 1891 alichapisha mkusanyo mkubwa wa methali za Kiswahili, na mwaka huo huo kikatoka kitabu chake cha msamiati wa Kigiriama. Sikujua alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, 1890.

Katika miaka hiyo hiyo ya kuandika methali na mashairi, Taylor alikuwa akichuma mimea katika nchi ya Wagiriama na katika milima ya Shimba, na kuipeleka Uingereza. Utaratibu wa kazi hiyo ulikuwa mmoja kwa wakusanyaji wote wa zama hizo. Mmea hulazwa baina ya karatasi, hukandamizwa hadi ukakauka, kisha hutumwa kwa meli. Mti mgumu huistahimili safari hiyo. Mmea laini, wenye majani ya nyama na maua mepesi, hufika ukiwa umepoteza rangi na umbo.

Hayo ndiyo yaliyolipata ua moja dogo la zambarau linalomea katika nyufa za miamba yenye kivuli. John Kirk, balozi wa Uingereza Unguja, alikuwa amelipeleka Uingereza mwaka 1884. Taylor naye alilipeleka mwaka 1887. Vielelezo vyote viwili vilikuwa hafifu, na wataalamu hawakuweza kuvitolea maelezo kamili. Ua likabaki kabatini bila jina.

Mambo yalibadilika ng'ambo ya mpaka. Karibu na mwaka 1892, Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, aliliona ua la namna hiyo huko Usambara. Yeye alimpelekea baba yake Ujerumani mbegu. Mbegu zikaota na mimea ikachanua. Hermann Wendland, mkuu wa bustani za kifalme za Herrenhausen mjini Hannover, akawa na ua hai mbele ya macho yake. Mwaka 1893 aliutolea mmea huo maelezo katika jarida la Gartenflora, pamoja na picha ya rangi, na kuuita Saintpaulia ionantha kwa heshima ya ukoo wa mtawala yule. Mwaka 1895 ukachorwa tena katika Curtis's Botanical Magazine la Uingereza. Kwa njia ya picha hizo, na ya maua yenyewe yaliyouzwa katika vyungu, ulimwengu ulilijua ua la Afrika ya Mashariki kwa jina la ofisa wa kikoloni.

Mmea huo ni wa jamii inayoitwa Gesneriaceae. Jina hilo linamkumbuka Conrad Gessner, mwanazuoni wa Zürich aliyefariki kwa tauni mwaka 1565. Gessner aliacha mamia ya picha za mimea, nyingi zikionyesha ua, tunda na mbegu kandokando. Hazikuchapishwa ila karne ya kumi na nane. Kazi yake ilithibitisha kwamba mchoraji anahitaji kuuona mmea katika hatua zake zote. Kielelezo kikavu cha Taylor kilishindwa katika jambo hilo, na mbegu za Saint Paul zikafaulu.

Tofauti hii inafafanua pia ubora wa kazi yake ya fasihi. Lau Taylor angeyachukua mashairi ya Muyaka kama alivyolichukua ua lile, yaani maneno matupu kwenye karatasi, mengi yangekuwa mafumbo yasiyofumbulika. Yalisalimika kwa sababu yalikuja na Sikujua, aliyejua uhai wake. Kwa hiyo sifa ya kazi ile si ya Taylor peke yake, ingawa vitabu vingi vimemtanguliza yeye.

Taylor aliondoka Mombasa katika miaka ya 1890, na baadaye akahudumu Misri na Sudan. Hakukiacha Kiswahili: mwaka 1915 tafsiri yake ya Al-Inkishafi ilitokea ndani ya kitabu cha Stigand kuhusu lahaja. Alifariki mwaka 1927. Mwaka uliofuata, mkutano uliofanyika Mombasa, katika mji wa lahaja aliyoitetea maisha yake yote, uliichagua Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Lakini karatasi zake hazikupotea. William Hichens alizitumia kutayarisha Diwani ya Muyaka, iliyochapishwa mwaka 1940, na Mohamed Abdulaziz akazirejelea katika utafiti wake uliotoka mwaka 1979.

Ua nalo limebadilishiwa hesabu. Mwaka 2015 wataalamu waliliingiza katika jenasi ya Streptocarpus, na Saintpaulia ikabaki jina la tawi tu. Katika pwani ya Kenya bado linamea kwa shida juu ya miamba ya chokaa ya Kaloleni, huku misitu inayolipa kivuli ikizidi kupungua. Picha zake za karne ya kumi na tisa zimehifadhiwa vizuri katika maktaba za Ulaya. Zinaonyesha jani na ua, lakini hazielezi wenyeji wa miamba hiyo waliliitaje. Swali hilo halihitaji mchoraji. Lahitaji mtu wa kuketi na wazee wa Shimba na Kaloleni, kama Taylor alivyoketi na Sikujua.