Bi Salme na Mapambo ya Msiba

Sisi tunaotoka Handeni na Korogwe tunalijua hili tangu utotoni: mwanamke akifiwa na mume, anavua. Bangili, hereni, mkufu na kipini vinawekwa kando, hina na manukato basi tena, na kwa Waislamu eda inahesabiwa miezi 4 na siku 10. Ndiyo maana maisha ya Bi Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, yananigusa. Yeye alifiwa katika nchi ambako watu wakifiwa ndiyo kwanza wanavaa.

Alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja. Baba yake alifariki 1856, mama yake 1859 kwa kipindupindu. Baadaye akapendana na mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete. Mwaka 1866, akiwa mjamzito, alitoroka kwa manowari ya Waingereza hadi Aden. Huko akabatizwa, akaitwa Emily, wakafunga ndoa na kuhamia Hamburg. Mwaka 1870 mume akapata ajali ya tramu, akafa. Bi Salme alikuwa na miaka 25 na watoto watatu wadogo.

Ulaya ya wakati ule msiba ulikuwa na vito vyake. Malkia Victoria wa Uingereza, aliyefiwa na mumewe 1861, alivaa nyeusi mpaka anakufa 1901, na vito vyeusi vya Whitby, vinavyochongwa kwenye miti ya kale iliyogeuka jiwe, vikapata soko kubwa. Watu walikata nywele za marehemu wakazisuka ndani ya pete na vidani. Kwetu ukivaa nywele za maiti shingoni, jamani, watakukimbia! Kwao lilikuwa pendo.

Mwaka 1885 Bi Salme alirudi Unguja pamoja na manowari za Ujerumani. Kaka yake, Sultani Barghash, alikuwa anapinga Wajerumani kujitwalia nchi za bara, Uzigua yetu ikiwemo. Mizinga ilimlazimisha akubali. Wajerumani wakapata walichotaka. Bi Salme hakupokelewa na kaka yake, wala mirathi aliyodai hakupewa.

Alifariki Jena mwaka 1924, hakuwahi kuolewa tena. Kwenye vitu vyake kulikutwa kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja, akazikwa nacho Hamburg, kando ya mumewe. Kwangu mimi hilo ndilo lilikuwa pambo lake la msiba, ingawa halikung'aa na wala hakulionyesha mtu.

Nalisema hili kwa sababu ya nyumbani. Kuvua ni heshima, sibishani na eda. Ila nimeona mapambo yakivuliwa siku ya msiba, yakapokelewa na ndugu wa mume "kwa kutunzwa", na yasirudi. Bangili alizonunua mama kwa mahindi yake zinageuka mirathi ya shemeji. Wenzangu, likizo hii tukienda kwenye misiba, tuulize kasha la mjane liko kwa nani. Eda ikiisha, awe nalo mwenyewe, avae au asivae.