Muindi Mbingu wa Ngelani

Baada ya hesabu za fedha na habari za mikutano, twaona ni vyema kurasa hizi zitolewe kwa ajili ya mtu aliyetutangulia. Mwaka huu tumemchagua Samuel Muindi Mbingu wa Ngelani, katika Machakos. Vijana wengi wamelisoma jina lake juu ya kibao cha mtaa mjini Nairobi, wala hawajui ni jina la nani.

Ngelani ni nchi ya milima, jirani na vilima vya Mua. Huko watu waliishi kwa jembe na kwa fimbo ya kuchungia, na katika watu hao ndimo alimotoka Muindi. Waingereza walifika Machakos mwaka 1889, kabla hata Nairobi haijawa mji, na katika miaka iliyofuata nchi ya Wakamba ilipunguzwa upande mmoja na mwingine. Vilima vya Mua wakapewa masetla. Nyanda za Yatta zikafanywa ardhi ya Serikali. Watu na ng'ombe wakabaki katika mipaka ya rizavu, na kila mwaka wote wawili walikuwa wakiongezeka. Ukaja ukame, wakaja nzige, na nyasi zilipokwisha mvua ilizoa udongo mwekundu ikaupeleka mtoni. Asiwepo mtu wa kusema kwamba ubaya huo haukuwapo. Makorongo yalionekana kwa macho, na wenye mashamba waliyaona kabla ya mabwana shamba.

Serikali ilitoa jawabu lake: mifugo ni mingi mno, ipunguzwe. Tume iliyoongozwa na Sir Daniel Hall ilisema hivyo mwaka 1929, na Tume ya Ardhi ya Carter, katika taarifa yake ya mwaka 1934, haikuwarudishia Wakamba nchi waliyoililia. Kisha kampuni ya Liebig ikajenga kiwanda cha nyama Athi River, katikati ya Machakos na Nairobi, na kiwanda hicho kilihitaji ng'ombe wengi tena wa bei nafuu. Basi mwaka 1938 amri ikatoka. Kila eneo likapewa hesabu ya ng'ombe walioruhusiwa kubaki, nao wapigwe chapa. Waliozidi wauzwe mnadani, mwenyewe akitaka asitake.

Hapa yafaa tusimame kidogo, kwa maana msomaji wa leo aliyezoea benki aweza kufikiri kuwa lilikuwa jambo la biashara tu. Ng'ombe wa Mkamba alikuwa akiba yake. Mvua ilipokosekana aliuzwa mmoja, watoto wakapata nafaka. Kijana alioa kwa ng'ombe, na aliyemkosea mwenzake alilipa kwa mfugo. Tena mtamba aliyetolewa leo si mnyama mmoja tu, ni uzao wote ambao angeuleta. Wanyama wengi wakiletwa mnadani kwa siku moja, na wanunuzi wakiwa wachache, bei huanguka, na mwenye kuuza kwa lazima hana nafasi ya kumrudisha mnyama wake nyumbani. Fedha aliyopewa ilikuwa ndogo, naye aliondoka pale hana akiba.

Ndipo Ukamba Members Association ilipozaliwa, na Muindi akawa sauti yake. Hakuwa chifu, wala hakuwa mjumbe wa baraza lolote la Serikali. Nguvu yake ilikuwa katika kukusanya watu. Aliwaunganisha wazee walioogopa kupoteza zizi na vijana waliokwenda shule, wakachanga fedha, wakala kiapo cha kutosaidia kazi ile, wakaandika barua za malalamiko kwa wakuu. Walisaidiwa pia na wengine wasio Wakamba. Viongozi wa Kikuyu Central Association walishirikiana nao, Isher Dass, mjumbe wa Kihindi katika Baraza la Kutunga Sheria, aliwatetea, na Jomo Kenyatta, aliyekuwa London wakati ule, aliieneza habari yao huko Uingereza. Yapaswa kukumbukwa kwamba ushirikiano wa namna hiyo baina ya makabila haukuwa jambo la kawaida katika siku zile.

Ng'ombe wa watu walipokamatwa na kupelekwa mnadani, barua zilionekana hazitoshi. Mwishoni mwa Julai 1938 watu zaidi ya 1,500 waliondoka Machakos kwenda Nairobi, mwendo wa maili 40 hivi. Wanaume walikuwamo, wanawake walikuwamo, na watoto pia. Walipiga kambi mjini upande wa Kariokor, wakasema watakaa hapo mpaka waonane na Gavana, Sir Robert Brooke-Popham, uso kwa uso. Siku zikapita, na majuma yakapita. Hawakuvunja duka wala hawakumpiga mtu. Kulisha na kutuliza umati wa namna ile katika mji wa wageni si kazi ndogo, na yeyote aliyewahi kusimamia hata mkutano mkuu wa chama ataelewa twasema nini.

Gavana hakutaka kuonana nao Nairobi. Aliahidi kuja kwao, na mwezi wa Agosti akafanya baraza huko Machakos. Maneno yake siku hiyo hayakuwaridhisha. Muda si mrefu baadaye Muindi alikamatwa, akahamishwa Lamu, kisiwa cha pwani kilicho mbali sana na milima ya kwao.

Ikiwa Serikali ilidhani kwamba kumwondoa mtu mmoja kutaumaliza ugomvi, ilikosea. Kabla ya mwaka 1938 kwisha amri ya kuuza kwa lazima iliachwa. Sababu moja yajulikana wazi: Wakamba walikuwa wengi katika jeshi la King's African Rifles na katika polisi, na dunia ilikuwa karibu kuingia vitani. Askari aliyesikia kwamba zizi la baba yake limefagiliwa hakuwa askari wa kutegemewa. Hata hivyo twaamini kwamba sababu hiyo isingekuwa na uzito kama watu wale wasingekwenda Nairobi kwa miguu.

Wengi walipata faida ya ushindi huo nyumbani kwao, ila aliyeuongoza aliupata akiwa uhamishoni. Mwaka 1940 chama chake kilipigwa marufuku, pamoja na Kikuyu Central Association na chama cha Wataita. Muindi mwenyewe aliuawa mwaka 1953, katika siku za Hali ya Hatari, asiione bendera ya mwaka 1963.

Wako waliosema kwamba Muindi aliwapoteza watu, kwa kuwa udongo ulikuwa ukifa kweli. Sisi hatukubali. Aliyoyapinga ni kunyang'anywa, na miaka iliyofuata imeonyesha kwamba udongo ulikuwa na dawa nyingine. Watu wa Machakos walichimba matuta katika miteremko, wengi wao wakiwa wanawake katika vikundi vya mwethya, kwanza kwa kusukumwa, baadaye kwa hiari yao walipoona faida. Mwaka 1932 wilaya ilikuwa na watu 240,000 hivi. Mwaka 1989 walikuwa karibu 1,400,000. Wataalamu waliochapisha uchunguzi wao mwaka 1994 waliona kwamba, pamoja na ongezeko hilo lote, mmomonyoko ulikuwa umepungua kuliko ulivyokuwa katika siku za Muindi.

Mtaa wenye jina lake umo katikati ya Nairobi. Soko kuu la mji liko juu ya mtaa huo, na ndani yake wachinjaji huuza nyama ya ng'ombe kwa bei wanayopatana na mnunuzi.